Gauni la taharizi au gauni la kubana? Uanze na lipi ukishona nguo za Ulaya ya karne ya 14

Mdogo wangu mmoja anayeishi Aarhus alinipigia simu mwezi wa pili, theluji ikiwa bado imelala nje.

"Shikamoo dada. Nimejiunga na watu wa Zama za Kati. Kiangazi tunakaa mahemani siku nne, tunapika kwa kuni, na kila mtu anavaa kama mtu wa mwaka 1370. Nimeambiwa nguo nishone mwenyewe. Nishone ipi?"

"Marahaba. Siku hizo nne mikono yako itakuwa inafanya nini?"

Akanyamaza. Alidhani namkwepa, kumbe jibu lake lilikuwa humo humo.

Mtu anayeanza kushona nguo za karne hiyo huvutwa na magauni mawili. La kwanza nitaliita gauni la taharizi: linavaliwa kwa kupitisha kichwani, mwili wake umenyooka, na chini limepanuliwa kwa vipande vya pembetatu. La pili ni gauni la kubana: limekaa mwilini kama ngozi mpaka nyongani, kisha linamwagika, na mbele limefungwa kwa safu ya vifungo au kwa kamba. Wanaume wana jozi yao hiyo hiyo, kanzu fupi ya kupwaya kwa upande mmoja na koti la kubana kwa upande wa pili, kwa hiyo mengi ya hapa yanawahusu nao.

Nimelelewa Pangani, chini ya meza ya cherehani. Babu alikuwa fundi wa kanzu, na kabla sijajua kusoma nilijua vipande vyote vya kanzu: badani ya mbele na ya nyuma, mikono miwili iliyonyooka, taharizi za ubavuni zinazoipa kanzu nafasi ya kutembelea, na kikwapa, kile kipande kidogo cha mraba kinachokaa pale mkono na ubavu vinapokutana. Kazi yangu ilikuwa kukata vikwapa kwenye makombo. Babu akikuta kikwapa kimeenda kombo hakufoka. Alikiweka juu ya goti lako, akaendelea kushona.

Miaka mingi baadaye nikasimama Makumbusho ya Taifa ya Denmark, jijini Copenhagen, mbele ya magauni ya sufu ya Herjolfsnes. Hapo palikuwa na kanisa na makaburi ya walowezi wa Kinordiki kusini mwa Greenland. Mwaka 1921 Poul Nørlund alichimba makaburi hayo akakuta watu waliozikwa bila jeneza, wamefungiwa ndani ya nguo walizokuwa wakivaa siku zote. Ardhi iliyoganda ilikuwa imezitunza. Nyingi ni za karne ya 14 na mwanzo wa ya 15. Zimegeuka zote rangi ya kahawa, lakini mishono inasomeka. Nikaanza kuhesabu kwa kidole hewani: badani, badani, taharizi, taharizi nyingine, na ile iliyochomekwa katikati mbele. Mlinzi akanitazama mara mbili.

Sisemi kwamba kanzu ya babu na gauni la Greenland ni ndugu. Ninachosema ni kwamba aliyesokota uzi kwa mkono na kufuma kitambaa kwa miezi hakati ovyo. Anakata mistatili na pembetatu, na sakafuni hakibaki kitu.

Mkato

Gauni la taharizi unaweza kulikata leo jioni. Kwa mtu wa kimo cha kawaida, sufu ya upana wa sentimita 150 inatosha mita tatu na nusu. Badani mbili, kila moja kama sentimita 55 kwa upana, kutoka begani mpaka kifundoni. Mikono miwili inayopungua kuelekea kiganjani. Kwa taharizi, chukua mistatili miwili ya sentimita 60 kwa 100, kila mmoja uukate kutoka pembe mpaka pembe. Unapata pembetatu nne: mbili za ubavuni, moja ya mbele, moja ya nyuma. Pindo linafika mita tatu na nusu, na mkasi haujapoteza kitu.

Kuna mambo mawili yanayomwangusha mgeni. Moja ni kwamba taharizi iliyokatwa hivyo ina ukingo mmoja ulionyooka na mwingine wa mshazari, na mshazari unanyooka ukiuvuta. Kila mara uunganishe ukingo wa mshazari na ukingo ulionyooka, usiunganishe mshazari kwa mshazari. Halafu litundike gauni siku nzima kabla ya kupinda chini, kwa sababu kesho yake taharizi zitakuwa zimeshuka sentimita mbili, tatu, kila moja kwa kiasi chake.

La pili ni ncha ya taharizi ya mbele. Hapo umepasua badani katikati kutoka chini mpaka kiunoni, na pembetatu inatakiwa iingie kwenye mpasuo huo bila kukunjamana juu. Kwa cherehani ni balaa. Kwa mkono ni kazi ya robo saa. Kunja kingo za mpasuo kwa ndani, ukunjo mwembamba kabisa pale juu, laza taharizi chini yake, kisha shona ukiwa upande wa nje kwa mishono midogo inayouma ukunjo. Ukifika kwenye ncha, piga mishono mitatu minne mahali hapo hapo ili isichanike ukiketi.

Gauni la kubana halina mistatili ya kukupa. Linachongwa juu ya mwili. Utahitaji vipande vinne vya mwili vilivyopinda, mshono wa katikati mbele ambao ndio unaobeba kifua (hapa hakuna dati, ile mikunjo ya kushonwa inayopunguza kitambaa), taharizi kuanzia nyongani, na mikono ambayo mshono wake unapita nyuma ya kiwiko. Sufu itakwenda mita nne na nusu mpaka tano. Kabla ya kuigusa sufu utakata merikani, ile ya bei rahisi isiyotiwa rangi, uivae kwa nje-ndani, na mtu mwingine akubane kwa pini akianzia mbele. Peke yako haiwezekani. Nimejaribu mbele ya kioo cha kabati, nikaishia kujichoma ubavuni na kuwa na bega moja juu kuliko lingine.

Na utarudia. Merikani ya kwanza itakufundisha kifua, ya pili mgongo. Ya tatu ndiyo itakayofaa kuwa kielelezo. Kwa saa, gauni la taharizi nilimaliza kukata na kuunganisha vipande kwa siku mbili za mwisho wa wiki. La kubana lilinichukua mwezi mzima wa jioni, na hapo vifungo bado.

Kwapa ndilo linaloamua

Watu wakilinganisha magauni haya hutazama kiuno. Mimi natazama kwapa, kwa sababu kila nguo yenye mikono ina swali moja la kujibu: mtu akiinua mkono, kitambaa cha ziada kinatoka wapi?

Gauni la taharizi linajibu kwa kikwapa. Mkono umenyooka, tundu la mkono limenyooka, na ule mraba wa sentimita 12 hivi uliowekwa kwa pembe unafunguka kama mlango mkono unapopanda. Mkono ukishuka unajikunja chini ya kwapa na hauonekani. Hauhitaji kipimo kamili. Ukiukosea kwa sentimita mbili nguo bado inavalika, na hata ukinenepa mwaka ujao bado inavalika.

Gauni la kubana linajibu kinyume na unavyodhani. Tundu la mkono ni dogo na liko juu kabisa, limekumbatia kwapa. Akili inakwambia hilo litabana. Kumbe tundu likiwa juu, mkono unazunguka kwenye bega lake na mwili wa gauni hausikii habari. Tundu likishuka, kila unapoinua mkono unavuta ubavu mzima.

Haya niliyajua kwa hasara. Gauni langu la kwanza la kubana nililishusha tundu sentimita tatu "nipate hewa", kama tunavyofanya kwenye blauzi. Siku ya kulivaa nikanyoosha mkono kuchukua sufuria juu ya rafu, na gauni zima likapanda nami mpaka magotini. Nikashusha mkono, gauni likabaki huko juu. Mchana kutwa nilikuwa nikijivuta kama mtoto aliyevalishwa nguo za shule za mwaka jana. Nililiokoa kwa kufumua kwapa na kupachika kikwapa cha babu. Si jibu safi la karne ya 14 kwa gauni la mkato ule, lakini kwapa lilipona.

Mafundi wa wakati ule walilipeleka jambo hili mbali. Koti linalohusishwa na Charles de Blois, mtawala wa Brittany aliyeuawa kwenye vita vya Auray mwaka 1364, bado lipo katika makumbusho ya vitambaa ya Lyon, Ufaransa. Limeshonwa kwa hariri yenye nyuzi za dhahabu, likajazwa pamba ndani. Mikono yake imeingia kwenye mwili kwa duara kubwa linalofika mpaka kifuani na mgongoni, imezungushiwa vipande vya pembetatu, kiasi kwamba aliyevaa aliweza kubanwa kiuno kama nyigu na bado akainua upanga. Ukiangalia michoro ya mkato wake utachoka: vipande vidogo vidogo, kila kimoja na kazi yake.

Magauni ya Herjolfsnes yamekaa katikati ya njia. Yana taharizi tele na hayana mshono wa kiunoni, lakini matundu ya mikono yamepinda, na nyuma ya mikono mingi kuna kabari za kulipa bega nafasi. Ukipenda njia ya tatu, ndiyo hiyo, ila ifuate baada ya kushona moja la kikwapa.

Kwa hiyo swali langu kwa mdogo wangu: mikono itafanya nini? Kama utachota maji, utapasua kuni, utakaza kamba za hema, kikwapa kinakusamehe makosa yako ya ushonaji. Gauni la kubana lililokatwa sawasawa linaruhusu kazi pia, tena vizuri kuliko watu wanavyodhani. Tatizo ni hilo neno sawasawa.

Nani anavaa nini

Hili nitalipitia haraka, maana kikundi chako kitakuwa na kanuni zake. Gauni la taharizi la sufu isiyo na mbwembwe linamfaa karibu kila mtu wa kijijini. La kubana lenye vifungo arobaini linasema una pesa, au una bwana mwenye pesa. Mwaka 1363 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya mavazi iliyotaka wakulima na wachungaji wavae blanketi na raseti tu, vitambaa vya sufu nzito vya bei ya chini. Sheria haikudumu, ilifutwa muda mfupi baadaye, lakini inakuonyesha jambo: watu wa chini walikuwa wameanza kuvaa wasivyotakiwa, la sivyo nani angehangaika kuandika sheria?

Kwa hiyo mwanakijiji mwenye gauni la kubana si kosa. Mwanakijiji mwenye gauni la kubana la hariri ndiye atakayeulizwa maswali.

Sufu, kitani, na kishawishi cha pamba

Gauni la nje ni sufu. La ndani, yaani shimizi, ni kitani. Ndivyo ilivyo kwa magauni yote mawili, lakini uzito wa kosa unatofautiana.

Gauni la taharizi ukilishona kwa kitani linakubali. Halitaanguka kwa uzito kama la sufu, litakunjamana, ila litaonekana gauni, na kwa Mombasa au Dar es Salaam hilo ndilo litakalovalika bila kuzimia. La kubana ukilishona kwa kitani litalegea. Sufu ya mshazari, ile yenye mistari myembamba ya kulala upande inayoonekana ukiisogeza karibu na jicho, inavutika kidogo na kurudi. Ndiyo sababu gauni linaweza kubeba kifua bila mifupa wala lastiki. Kitani kikivutika kinabaki kimevutika, na saa nane mchana kifua chako kiko kilipokuwa saa mbili asubuhi kabla hujavaa.

Pamba haikuwa ngeni Ulaya. Ilijazwa ndani ya makoti, kama lile la Charles de Blois, na kulikuwa na kitambaa cha mchanganyiko wa kitani na pamba kilichofumwa kaskazini mwa Italia na baadaye miji ya kusini mwa Ujerumani kama Ulm na Augsburg. Lakini gauni zima la pamba tupu, lile la popilini tunalolipata dukani, linajitangaza toka mbali. Linasimama pale sufu ingelala.

Zingatia unanunua nini. Niliwahi kuagiza mita tano za "sufu asilia" kwa njia ya mtandao. Ilipofika ilikuwa laini, nzuri, rangi ya tofali. Nikachomoa uzi mmoja nikauwasha juu ya sinki. Sufu ikiungua inanuka nywele, inajizima yenyewe, na majivu yake yanasagika kati ya vidole. Uzi wangu uliyeyuka, ukadondosha tone jeusi, na tone likaganda gumu kama ushanga. Ilikuwa plastiki. Muuzaji hakurudisha hata senti. Siku hizi naomba kipande cha sampuli kwanza, na kiberiti ninacho mkobani. Kwa walioko Afrika Mashariki, kwenye mitumba tafuta makoti mazito na mablanketi ya zamani yenye lebo ya sufu, na uyachome vilevile. Gauni la taharizi linakubali kuungwaungwa: taharizi moja ikitoka vipande viwili hakuna anayekasirika, hata magauni ya wakati ule yameungwa hivyo. La kubana linataka kitambaa kimoja kirefu.

Kabla ya kukata, fua. Kitani kwa maji ya moto, sufu kwa maji ya uvuguvugu. Sufu itarudi kidogo na nyuzi zake zitashikana. Hiyo ni faida, maana kingo hazitafumuka sana.

Kuhusu shimizi nitasema kidogo, kwa kuwa ardhini kitani huoza upesi kuliko sufu na kilichosalia ni haba. Viborg, Denmark, lipo shati la kitani la karne ya 11 lililofukuliwa miaka ya 1980. Na kwenye ngome ya Lengberg huko Austria, mwaka 2008, chini ya sakafu palikutwa nguo za ndani za kitani za karne ya 15, zenye vikombe viwili vya kifua kama sidiria za leo. Wengi tulikuwa tumeapa kwamba sidiria ni jambo la juzi. Ila hizo ni za karne iliyofuata, kwa hiyo mwanamke wa 1370 usimvalishe.

Vifungo au kamba

Gauni la taharizi linakusamehe hapa pia: shingo ya duara, mpasuo mdogo mbele, basi. Ukitaka kamilisha kwa kaba ya kitani ndani, kama kwenye kanzu.

Gauni la kubana lazima lifunguke. Kipande cha mkono wa nguo kilichopatikana London, kwenye takataka za mwisho wa karne ya 14 kando ya mto Thames, kinaonyesha lilivyofungwa. Vifungo ni vya kitambaa kile kile, vimeshonwa kwenye ukingo kabisa wa nguo, havikuingizwa ndani kama tunavyofanya kwenye shati. Matundu nayo yako karibu sana na ukingo wa pili, umeimarishwa kwa utepe wa hariri kwa ndani. Ukifunga, kingo mbili zinakutana bila kupandana sana.

Kifungo chenyewe kinafanywa hivi. Kata mduara wa sentimita mbili na nusu. Piga bandi, ile mishono ya kupita juu na chini tu, kuuzunguka, karibu na ukingo, kwa uzi uliopakwa nta. Vuta uzi mpaka mduara ujikunje kama kikapu, sukuma kingo ndani kwa ncha ya sindano, vuta tena. Kisha choma kushoto kulia, juu chini, mpaka kidonge kiwe kigumu, kisibonyee ukikibana kwa kidole gumba. Uzi usiukate, ndio utakaokishonea gaunini. Kimoja kinanichukua dakika kumi, na tundu lake dakika kumi na tano. Weka ishirini mbele na kumi kwa kila mkono: arobaini. Hiyo ni zaidi ya saa kumi na sita, kwa vifungo tu.

Kamba ni nafuu. Matundu madogo yaliyozungushiwa uzi, na kamba moja inayopanda kwa kuzunguka kutoka chini mpaka juu, si ule msalaba wa viatu. Matundu ya upande mmoja yawe yamesogea nusu hatua kuliko ya upande wa pili, la sivyo gauni litajipinda. Usitie vyuma vya matundu vya dukani. Mtu akivitazama tu, mwezi wako wa kazi umekwisha.

Sindano au cherehani

Wapo wanaosema ukigusa cherehani si nguo ya Zama za Kati tena. Ni kweli hazikuwepo. Lakini nimeona magauni yaliyoshonwa yote kwa mkono, mkato ukiwa wa leo, yenye zipu iliyofichwa ubavuni, na nimeona mengine yaliyounganishwa kwa cherehani ambayo ungeapa yametoka kaburini. Kwangu mkato unatangulia, kitambaa kinafuata, na mshono wa mkono ni wa tatu.

Fanya hesabu. Gauni la taharizi lina kama mita 13 za mishono mirefu, na ukilaza kingo kwa ndani kila mshono unapita mara mbili. Kwa mkono, mita moja ya bandi yenye mshono wa kurudi kila baada ya hatua chache inanichukua dakika 25. Jumla ni karibu saa 11. Zinavumilika, ni jioni za wiki mbili na redio. Kwa hiyo hili nashauri ulishone lote kwa mkono, ndilo la kujifunzia. Uzi wa kitani uliopakwa nta ni rahisi kuutumia. Wa sufu upo kwenye nguo za Herjolfsnes lakini hukatika ukivuta kwa hasira.

La kubana lishone kwa cherehani mishono mirefu ya ndani, maana utafumua na kurudia, kisha kila kinachoonekana nje, pindo, shingo, matundu, umalizie kwa mkono. Ovaloki weka kando, ule msokoto wa nyuzi ndani ya nguo unaonekana ukiketi na pindo likigeuka. Shimizi, ambayo itafuliwa mara mia, ishone kwa mkono ukiwa na subira na kwa cherehani ukiwa huna, nani atafunua kutazama?

Alichochagua

Nilimpa shauri langu wazi. Kama ni nguo ya kwanza, kama huna mtu wa kukubana pini, kama uko kwenye joto, kama mwili wako unabadilika, kwa mfano umetoka kujifungua: taharizi. Kama tayari unashona blauzi za watu na unajua kuusoma mwili, kama una rafiki wa jioni tatu za merikani, na kama huko uendako utaketi, utacheza ngoma na kupigwa picha: la kubana, kwa kamba. Vifungo viache mwaka wa pili.

Alichagua taharizi, sufu ya kijivu, kitani cheupe kwa shimizi. Mwezi wa sita akanitumia picha ya ncha ya taharizi ya mbele. Juu ya kitovu palikuwa na mkunjo wa kama kidole.

"Dada, imekunjamana. Nifumue yote?"

"Sentimita tano tu kila upande. Kunja mpasuo mwembamba zaidi, uushonee kutoka nje. Na vikwapa, umekata?"

"Nimekata. Kimoja kimeenda kombo."

"Kiweke juu ya goti," nikamwambia, "kisha ukate kingine."